Gunia Lenye Kamba Nyekundu

Jumatatu, 2 Juni

Mke wangu kaondoka. Mdogo wake amejifungua, na yeye ndiye wa kumkanda, kumpikia na kumfulia. Karibu wiki mbili! Nyumba yote imebaki mikononi mwangu.

Kaka yake alikuja na mkokoteni kumpeleka kituoni. Wakapakia sanduku, ndoo na mzigo mkubwa uliofunikwa shuka. Zawadi za mtoto, nadhani. Mtoto ana siku tatu tu duniani na tayari anapelekewa mali kuliko mimi. Sikuuliza. Mimi na shemeji hatusemeshani tangu msimu uliopita, mtambo wangu wa kufukuzia ndege (makopo, waya, pedali za baiskeli) ulipoporomoka jarubani kwake na kuulaza mpunga wake chini. Ndege walikimbia kweli. Hilo halikumbukwi na mtu.

Maagizo niliyoachiwa: kuku wapewe maji. Mlango ufungwe. Magunia mawili ya mpunga wa kawaida yasiguswe. Na lile la tatu, lenye kamba nyekundu, nisilitazame hata kwa jicho la pembeni, maana ni mbegu ya marehemu mama yake. Ni ule mpunga unaonukia, tunaoupanda kwenye jaruba letu dogo la juu. Kijiji kizima mbegu hiyo anayo yeye na kaka yake, basi. Alinishika sikio alipokuwa akisema. Miaka ishirini ya ndoa, na bado nashikwa sikio!

Hapa kijijini wananiita Mipango. Mimi nachukulia ni sifa.

Jumanne, 3 Juni

Habari kubwa! Injini, yule mwenye kinu cha kukoboa, kaleta mashine mpya. Inakoboa na kung'arisha papo hapo. Juu ya meza yake kaweka chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana. Anasema ataweka humo mchele mzuri kuliko wote wa msimu huu, kila mteja auone akiingia, na pembeni kipande cha boksi chenye jina la mkulima.

Nikauliza nani anayefikiriwa. Akasema watu wanamtaja shemeji yangu.

Shemeji! Mtu anayetembea kana kwamba ardhi ina usingizi na hataki kuiamsha!

Nimerudi nyumbani nikakaa mbele ya magunia. Mpunga wetu wa kawaida ni mfupi, mweusi kidogo nchani, hauwezi kumshinda mtu. Nikatazama kamba nyekundu. Nikatazama pembeni. Nikatazama tena.

Bakuli moja tu. Nani atajua?

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda kwa Injini na bakuli langu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema mashine hii si kinu cha bibi, ukiitia bakuli moja itasaga hewa na kuunguza chujio lake. Angalau debe. Nikapiga hesabu: debe moja kati ya gunia zima, halafu nafunga kamba vilevile, natikisa gunia lionekane limejaa. Mke wangu akiuliza, panya. Panya hawana wa kuwatetea.

Kesho.

Ijumaa, 6 Juni

Nitaandika kama yalivyotokea.

Nililibeba gunia zima kwa baiskeli, kwa sababu kupima debe nyumbani ningemwaga punje sakafuni, na mke wangu huona punje moja kama polisi. Nikamwambia Injini: debe tu. Akaitikia kwa kichwa. Akawasha mashine. Ikanguruma, ukuta ukatikisika, vumbi la pumba likajaa mlangoni. Ulipoanza kutoka ule mchele, mrefu, mweupe, na harufu yake ikatoka mpaka barabarani, watu wakasogea. Fundi cherehani akaacha shati la mtu. Basi nami nikatoka nje kidogo kuwaeleza. Nikawaeleza jinsi ninavyouchagua, ninavyouanika, ninavyouongelesha shambani. (Shambani huenda mke wangu. Lakini mimi ndiye ninayemwongelesha yeye.)

Niliporudi ndani, gunia lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya benchi, na kamba nyekundu juu yake.

Injini akafuta jasho, akasema kwa upendo mkubwa kwamba ameniona nina wageni, akaamua kunimalizia lote nisihangaike.

Lote!

Kitu kimoja kilinishangaza wakati mpunga ukimiminwa. Ulikuwa na mapepe mengi, zile punje tupu zisizo na kitu ndani, na vijiti, na hata kokoto. Mke wangu mwanamke makini vile, mbegu ya mama yake ameiacha na mapepe! Nimeamua kutomwambia kamwe. Kila mtu ana udhaifu wake.

Mchele umewekwa kwenye chupa, uliobaki nimeurudisha nyumbani. Jina langu limeandikwa. Sijawahi kuona ushindi mchungu namna hii. Shemeji alipita, akasimama, akainama juu ya chupa akanusa. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, kama ule si mchele wa mama. Nikasema umefanana tu. Akashikwa na kikohozi kirefu, akatoka nje akiwa ameziba uso kwa kofia. Vumbi la pumba si zuri kwa watu wa umri wake.

Jumamosi, 7 Juni

Sikulala vizuri lakini nimeamka na akili. Hakuna mashine inayokoboa kila punje! Lazima kuna zilizoponyoka na maganda yao. Na zimeponyokea wapi? Kwenye rundo la makapi nyuma ya kinu.

Nimeshinda huko na ungo. Nilipeta, nikapiga chafya, nikapeta. Rundo lina makapi ya kijiji kizima, kwa hiyo kila punje niliyoipata ilibidi niinuse. Mwanamume mzima, amechuchumaa kwenye makapi, ananusa punje mojamoja! Watu walipita wakanipa pole. Fundi cherehani aliniletea sahani ya chakula na kuniambia kwamba hakuna aibu katika shida, na nikikwama nyumbani nisione haya kusema.

Nilikula. Kisha nikaendelea.

Jioni nilikuwa na punje za kujaza kisoda. Nikaziweka dirishani ili nizihesabu. Kuku yule mwenye shingo isiyo na manyoya akaruka dirishani.

Jumapili, 8 Juni

Nimefikiri. Mchele ni nini? Ni mpunga uliovuliwa shati. Je, mtu akivuliwa shati anakufa? Hafi! Basi kwa nini mchele usiote?

Nimechukua vibaba viwili vya mchele, nikaviloweka, nikavifunga kwenye gunia lenye unyevu kama tunavyofanya mbegu kabla ya kuipeleka kitaluni, nikaviweka mahali penye joto: chini ya godoro langu. Mke wangu mwenyewe husema joto ndilo linaloamsha mbegu. Nashangaa hakuna aliyewahi kulijaribu hili. Huenda jina langu likabaki.

Jumanne, 10 Juni

Jina langu halitabaki.

Chumba kinanuka kama soksi ya mtu aliyefiwa. Kilichokuwa mchele kimekuwa uji mkali wenye mapovu. Godoro limelowa. Nimelitoa nje, nikalianika uani, na majirani wote wakaona godoro la mzee mzima limeanikwa likiwa na doa kubwa katikati. Fundi cherehani amepita akanitazama kwa huruma nyingi kuliko ile ya Jumamosi.

Mpango wa tatu ulikuwa mfupi. Nilichukua debe la mpunga wa kawaida, nikaunyunyizia manukato yangu, yale ya Krismasi. Nikautia kwenye gunia, nikafunga kamba nyekundu, nikanusa. Ulinuka kama bwana harusi. Hata kuku walikataa kuukaribia.

Mke wangu anarudi Jumamosi. Nimekalia kuti kavu.

Jumatano, 11 Juni

Mwenye shida hana haya. Nimekwenda kwa shemeji.

Sikumwambia ukweli. Nilimwambia nafanya utafiti kuhusu mbegu za ukoo, na nahitaji gunia moja la ule mpunga wa mama yake nililinganishe na letu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Yeye husikiliza kama anavyotembea. Kisha akasema anayo, gunia moja, ila mbegu ya mama haitolewi kama maji ya kisima. Mtu sharti aitolee jasho. Nije kwake siku tatu, leo, kesho na keshokutwa, na Jumamosi asubuhi nitalichukua.

Nikamwuliza jasho la namna gani. Akanipa reki ya mbao.

Nimegeuza mpunga wake wote uliokuwa kwenye maturubai. Peku! Anasema nyayo ndizo zinazojua, si macho: unaburuta miguu, unafanya mistari, na pale unapohisi ubaridi chini ya kidole hapo bado pana unyevu. Nilimwambia nina mpango wa kuanika juu ya mabati, jua moja tu kazi imekwisha. Akasema ndiyo, na ukikoboa utapata chenga tupu, maana mpunga ukikaushwa kwa pupa hupasukia ndani kabla hujaufikisha kinuni. Kisha akachukua punje, akaing'ata, ikalia. Akanipa nami ning'ate. Yangu haikulia. Tukarudi kugeuza.

Alhamisi, 12 Juni

Leo kingo za majaruba. Panya wametoboa kila mahali na maji yanavujia kwa watu. Nimechimba tope, nimeziba, nimekanyaga. Tundu moja nililiziba na panya akatokea jingine akanitazama kama mwenye nyumba. Mgongo wangu si wangu tena.

Shemeji naye aliziba upande wake, taratibu, bila haraka. Lakini jua lilipokuwa kali na mimi bado nahangaika na ukingo mmoja, yeye alikuwa amemaliza tatu. Sielewi. Sikumwona hata mara moja akifanya haraka.

Wakati wa kupumzika alinisimulia habari za mama yao. Msimu wa mavuno, mama alikuwa akitangulia mbele ya wavunaji na kitambaa kiunoni. Anachagua suke moja hapa, moja kule, yale tu yaliyoinama kuliko wenzake. Mke wangu, wakati huo msichana mdogo, alikuwa akimfuata nyuma akibeba kikapu. Hakuruhusiwa kuchagua. Kazi yake ilikuwa kutazama. Mwaka ambao mama alikuwa mgonjwa hawezi kutoka nje, ndipo mke wa Mipango (alisema hivyo, "mke wa Mipango," nikacheka) alipofunga kile kitambaa kiunoni kwa mara ya kwanza. Akarudi na masuke yake akayaweka mapajani mwa mama. Mama akayapapasa moja moja, akatoa mawili tu yaliyokuwa mabaya. Mengine akasema sawa.

Nilitamani ardhi inimeze na tope lake. Gunia lile halikuwa mpunga, lilikuwa mkono wa mama yake, na mimi nimeutia kwenye mashine kwa ajili ya chupa.

Nimempenda mke wangu leo mpaka kifua kikauma. Nimeandika ili isemwe kuwa nilisema.

Ijumaa, 13 Juni

Ndege. Shemeji ana jaruba moja alilochelewa kupanda, na sasa ndege wamelifanya hoteli. Nimekimbia huku na huko na kombeo la udongo tangu alfajiri, nikipiga kelele. Sauti imekwisha. Nilimpendekezea tujenge mtambo. Akasema hapana kabla sijamaliza neno. Ndiyo jambo la kwanza nimemwona akilifanya upesi.

Lakini mchana tulikula pamoja, sahani moja. Akanisogezea kipande kikubwa cha samaki. Nikamrudishia. Akakisogeza tena. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya chura, kwamba mtambo ule wa mwaka jana niliufunga vibaya. Akasema alijua. Akasema pia kwamba alicheka sana siku ile alipofika nyumbani, ila mbele yangu aliona ni lazima akasirike.

Mwaka mzima wa kununiana! Kumbe mtu alikuwa anajizuia kucheka!

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi shemeji kanipa gunia. Safi! Hakuna pepe wala kijiti, punje zote zimejaa. Nikafunga ile kamba nyekundu, fundo lilelile, nikaliweka pale pale pembeni. Nikafagia. Nikageuza godoro upande usio na doa.

Mke wangu akaja mchana. Amenenepa kidogo, uso unang'aa. Nilifurahi kumwona hadi nikasahau kuwa na hofu. Akasalimia kuku, akanisalimia mimi, akaenda moja kwa moja kwenye gunia. Akafungua. Akachota kiganja kimoja, akakinusa, akakileta dirishani kwenye mwanga. Akatia punje mdomoni, ikalia.

Akaniuliza kwa upole: gunia hili limefikaje hapa?

Nikasema halijaondoka.

Akaniuliza tena, kwa upole zaidi, limefikaje hapa kutoka kwa kaka yake, alikoliacha yeye mwenyewe Jumatatu ile ya safari, juu ya mkokoteni, chini ya shuka.

Nyumba ikazunguka. Mzigo! Zawadi za mtoto!

Akakaa juu ya gunia akacheka mpaka machozi. Mlangoni nikasikia kikohozi ninachokijua. Shemeji. Hakikuwa kikohozi hata siku ile!

Akanieleza. Jaruba la juu lilitoa magunia mawili. Bora, la mbegu, alilipeleka kwa kaka yake. La pili, la kula, lenye mapepe, ambalo hakuwa hata amelipeta vizuri, ndilo alilolifunga kamba nyekundu. Anasema ananijua. Angeniachia nyumba isiyo na kitu cha kuharibu, ningekitafuta. Afadhali aniachie cha kuharibu kilichokuwa kinakwenda kukobolewa hata hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa, anasema, basi ameacha kulitibu, analizungushia ua.

Na zile siku tatu za kazi? Huo ulikuwa mpango wa kaka mtu. Alimpigia simu ile Ijumaa ya kinuni, wakakubaliana. Mke wangu anasema alichoka kuwa na ndugu wawili wasiosemeshana, mmoja wa damu na mmoja wa ndoa.

Nilinuna. Nilinuna sana, karibu saa nzima. Kisha wakaupika ule mchele wa mapepe na nyumba yote ikajaa harufu yake. Nikala sahani mbili huku nimenuna. Ya tatu nilishindwa kununa. Mke wangu alinitazama nikila, akaniondolea pumba kwenye nyusi. Nadhani ilikuwa huko tangu Jumamosi ya makapi.

Nimekula kiapo: sigusi tena nisichoambiwa niguse. Nimejifunza.

Jumatatu, 23 Juni

Wiki njema. Nusu ya mbegu ya mama iko kitaluni, imeshatoa vijani vidogo. Nusu nyingine imebaki kwenye gunia ndani ya nyumba, kwa sababu mafuriko yakipita kitaluni ndiyo akiba pekee. Hata shemeji ameshamaliza kupanda yake, hana hata punje ya mbegu hiyo.

Leo mke wangu ameitwa tena kwa mdogo wake, siku mbili tu, mtoto ana homa kidogo. Kabla ya kuondoka amefunga kamba nyekundu kwenye gunia.

Mimi nikaitazama kamba. Nikatabasamu moyoni.

Kwa sababu mchana nilipita kwa Injini. Ile chupa ni tupu. Mchele wangu umeingia wadudu, ameumwaga. Na anasema keshokutwa shemeji analeta wake! Mtu niliyemzibia panya!

Sasa tufikiri kama watu wazima. Mara ya kwanza kamba nyekundu ilikuwa kwenye gunia la kula, na mbegu ilikuwa kwingine. Leo kamba nyekundu iko wapi? Kwenye gunia. Basi kwenye gunia hilo hakuna mbegu. Mbegu kaificha. Nimemwona akibeba kapu alipokuwa akienda kituoni, dogo, lakini mtu akishindilia panatosha. Anadhani mimi naingia mtego uleule mara mbili!

Na ameuremba vizuri mtego wenyewe, nampa haki yake. Mara hii hakunishika sikio. Alinishika mkono. Akaniangalia machoni, akasema hii ndiyo yenyewe, yote iliyobaki ya mama, na kwamba baada ya yale yote, safari hii ananiamini.

Ananiamini! Hapo ndipo nilipojua kwa hakika.

Gunia nimeshalifunga kwenye baiskeli. Nimemwambia Injini asinimalizie haraka, mara hii nataka kusimama pale pale niutazame ukitoka.